Juu ya Nini Mwaka 1909 Unaonekana Karibu Kuliko 1960?

Tuweke foto mbili kwenye meza moja.

Foto ya kwanza: wasichana watatu wa kijijini wamesimama karibu na nyumba ya mbao. Kila mmoja ameshika sahani ya matunda madogo ya porini, sawa vile mtu anavyokaribisha mgeni. Majani ni ya kijani kabisa. Magauni yao yana rangi kali, vitambaa viko kichwani. Wanakuangalia moja kwa moja, na mtu akikuambia kwamba foto hiyo ilipigwa juma lililopita kwa simu ya ndugu yake, utakubali.

Foto ya pili: barabara ya Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji amepita ndani ya gari lililo wazi, na Mkongomani mmoja, Ambroise Boimbo, amemnyanganya upanga wake na anakimbia nao mkononi. Tunaijua wote. Ni nyeusi na nyeupe. Barabara ni kijivu, watu ni kijivu, hata mbingu ni kijivu.

Sasa swali: foto gani ni ya zamani zaidi?

Macho yanasema ni ya pili. Lakini wasichana wale walipigwa foto mwaka 1909, kule Urusi, karibu na mji mdogo wa Kirillov. Upanga wa Baudouin ulinyakuliwa tarehe 29 Juni 1960. Kati ya foto hizo mbili kuna miaka 51, na ile changa njo inaonekana nzee. Mtu aliyekuwa na miaka 15 siku ile ya upanga anaweza kuwa hai leo, anakaa kwenye kiti chake uani na anakula ugali wake. Lakini tukimwona ndani ya foto, tunamweka mbali kabisa, karibu na wakati wa Stanley.

Hili si jambo la macho peke yake. Ni jambo la historia, juu mtu haulizi sana maswali kuhusu watu anaowaona mbali. Anawaheshimu, anawasahau, basi. Njo maana nataka tuangalie vile foto za kwanza za rangi zilitengenezwa, zilipigwa wapi, na sisi Wakongomani tulikuwa wapi wakati ule.

Tuanze na mtu aliyewapiga foto wasichana wale. Jina lake ni Sergei Prokudin-Gorskii, Mrusi aliyezaliwa mwaka 1863. Alisomea kemia, akaingia katika kazi ya foto, na shida yake ilikuwa moja: namna ya kukamata rangi wakati kioo cha foto kinajua mwangaza na giza tu.

Jibu halikutoka kwake. Lilikuwa limeonyeshwa London mwaka 1861 na mtaalamu wa fizikia, James Clerk Maxwell. Jicho letu lina aina 3 za chembe zinazopokea rangi, na kwa kuchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, tunaweza kupata karibu kila rangi. Maxwell alionyesha mbele ya watu utepe mmoja wa nguo uliopigwa foto mara 3 kupitia vioo vya rangi 3, kisha akarusha picha hizo tatu pamoja ukutani. Jaribio lile lilikuwa na kasoro zake, lakini wazo lilikuwa sawa. Hata skrini ya simu unayoshika sasa inafanya vilevile: ukiiangalia kwa kioo cha kukuza, utaona alama ndogo nyekundu, za kijani na za buluu, hakuna nyingine.

Prokudin-Gorskii alifuata njia hiyo. Kamera yake ilikuwa na kioo kimoja kirefu. Alipiga foto ya kwanza kupitia kioo cha rangi moja, kioo kikashuka, akapiga ya pili kupitia rangi nyingine, kikashuka tena, akapiga ya tatu. Mwishoni alikuwa na foto 3 zilizopangana, moja juu ya nyingine, na zote tatu ni nyeusi na nyeupe. Usikie vizuri hapo: hakuna rangi hata moja kwenye kioo chenyewe. Rangi imelala ndani, katika tofauti ndogo kati ya foto hizo tatu. Kuiamsha, ulipaswa kurusha picha zote tatu ukutani kwa taa tatu, kila moja na kioo chake cha rangi, na kuziweka sawasawa moja juu ya nyingine.

Kama mtu akisogea kati ya foto ya kwanza na ya tatu, mambo yanaharibika. Njo maana katika foto zake maji ya mto yana mistari myekundu, ya kijani na ya buluu. Mtoto aliyeshindwa kutulia anakuwa na vivuli vya rangi pembeni ya uso. Ni kasoro, ndiyo. Lakini ndani ya kasoro ile kuna sekunde chache za mwaka 1909 au 1911 zinazopita mbele yako: maji yanatembea, mtoto anageuza kichwa.

Mwaka 1909 Prokudin-Gorskii alimwonyesha mfalme wa Urusi, Nicholas wa Pili, foto zake. Mfalme akafurahi. Akampa behewa la treni lenye chumba cha giza cha kusafishia foto, pamoja na barua za ruhusa za kupita katika maeneo yaliyofungwa. Kwa miaka iliyofuata, mpaka 1915 hivi, alizunguka dola lile kubwa: mito ya kaskazini, milima ya Ural, Caucasus, Samarkand, Bukhara. Alipiga makanisa na misikiti, viwanda vya chuma, mashamba ya chai, wachunga wanyama, wafungwa nyuma ya nondo za jela. Alimpiga mzee mmoja mwangalizi wa lango la maji, Pinkhus Karlinskii, mwenye miaka 84, aliyekuwa amefanya kazi miaka 66. Ukimwona na koti lake, medali kifuani na ndevu nyeupe, unatambua aina ya mtu: yule mzee wa kazi ambaye bila yeye ofisi haifunguki.

Lakini foto yake inayojulikana zaidi ni ya mwaka 1911: Alim Khan, emiri wa Bukhara. Amekaa kwenye kiti, kilemba cheupe kichwani, upanga mkononi, na amevaa joho la hariri la buluu lenye maua. Ni buluu inayokusimamisha. Alim Khan alikuwa mfalme wa watu wake, lakini chini ya mfalme mkubwa zaidi wa Urusi. Mwaka 1920 jeshi jekundu lilimfukuza, akakimbilia Afghanistan, akafia Kabul mwaka 1944. Yeye njo alikuwa emiri wa mwisho. Tukimwona katika nyeusi na nyeupe tungesema "mfalme fulani wa zamani". Katika rangi tunaona mtu wa miaka 30 hivi, mnene kidogo, na tunaweza karibu kugusa hariri yake.

Prokudin-Gorskii aliondoka Urusi mwaka 1918, akafia Paris mwaka 1944. Maktaba ya Bunge la Marekani ilinunua vioo vyake 1,902 kutoka kwa familia yake mwaka 1948. Kwa miaka mingi vilikaa ndani ya makasha, juu kuunganisha foto tatu kwa mkono ilikuwa kazi ngumu. Kompyuta ilipokuja, vioo viliskaniwa, zile foto tatu zikaunganishwa, na mwaka 2001 watu wengi wakaona kwa mara ya kwanza Urusi ya kabla ya mapinduzi ikiwa na rangi zake. Wengi walifikiri ni uongo. Lakini hapakuwa na uongo: kompyuta haikuongeza kitu, iliamsha tu kile kilichokuwa tayari kwenye kioo.

Prokudin-Gorskii hakuwa peke yake. Mwaka 1907, katika mji wa Lyon, Ufaransa, ndugu wawili Auguste na Louis Lumière walianza kuuza vioo vya foto vya rangi vilivyoitwa autochrome. Utashangaa walitumia nini: viazi. Sawa na vile vinavyotoka Masisi au Lubero. Walichukua unga wa viazi, wakachagua chembe ndogo sana, wakazipaka rangi ya machungwa, ya kijani na ya zambarau, wakazichanganya na kuzitandaza juu ya kioo. Nafasi zilizobaki kati ya chembe wakazijaza na unga wa makaa. Juu yake wakaweka dawa inayoshika mwanga. Kila chembe ya kiazi ikawa dirisha dogo la rangi, na mamilioni ya madirisha hayo yakafanya foto moja. Foto moja, mara moja, hakuna haja ya kupiga mara tatu.

Kamera ya simu yako inafuata wazo hilohilo. Mbele ya kipokea mwanga chake kuna vioo vidogo vya rangi nyekundu, kijani na buluu, mpango uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak miaka ya 1970. Viazi vimeondoka, wazo limebaki.

Tajiri mmoja wa benki kule Ufaransa, Albert Kahn, aliona nguvu ya kitu hicho. Aliamini kwamba mataifa yakionana vizuri hayatapigana. Kuanzia 1909 mpaka 1931 alituma wapiga foto katika nchi karibu 50, kazi hiyo ikaongozwa na mtaalamu wa jiografia, Jean Brunhes. Walirudi na vioo vya rangi 72,000 hivi. Mwaka 1930 mpiga foto Frédéric Gadmer, pamoja na padri Francis Aupiais, alifika Dahomey, nchi tunayoiita leo Benin, akapiga zaidi ya foto 1,000 za rangi: machifu chini ya miavuli yao, waganga, sherehe, masoko. Wakati huo Kahn alikuwa tayari anaanguka. Msukosuko wa fedha wa 1929 ulimaliza mali yake. Lakini vioo vilibaki, na watu wa Benin leo wanaweza kuona rangi za nguo za mababu zao.

Na sisi? Tulikuwa wapi?

Tuchukue miaka ileile. Kati ya 1907 na 1909, Mhungaria Emil Torday alitembea katika Kasai kwa kazi ya makumbusho ya London, British Museum. Mwaka 1908 alifika Mushenge, makao ya mfalme wa Wakuba, Kot aPe. Torday alikuwa na kamera. Foto ya Kot aPe ipo: mfalme katika mavazi yake mazito ya enzi, kauri na shanga mwili mzima. Mavazi yale hayapungukiwi chochote mbele ya joho la Alim Khan. Miaka 3 tu inawatenganisha. Lakini mmoja ni wa buluu ya hariri, mwingine ni wa kijivu.

Kuna jambo moja linalonigusa katika safari ile ya Torday: alichukua pia mchoraji, Mwingereza Norman Hardy. Juu ya nini mchoraji wakati kamera ipo? Juu walijua kwamba kamera yao haiwezi kushika rangi, na kwamba kwa Wakuba rangi si pambo tu. Kwa hiyo Hardy alichora kwa brashi kile ambacho kioo kilishindwa kukiona.

Wakuba walisaga mti mwekundu na kupata unga unaoitwa tukula. Waliupaka mwilini, walitia nao rangi nguo zao za raffia, waliutumia kwenye mazishi. Huko kusini, kwa Wandembu, ndugu wa Walunda, rangi tatu, nyeupe, nyekundu na nyeusi, ni kama alfabeti: kila tambiko linazungumza kupitia hizo. Nchi yetu imejaa maana za aina hiyo. Udongo mweupe usoni si uchafu. Nyekundu kwenye kifua si damu.

Sasa sikieni kitu kinachouma. Vioo vingi vya foto vya wakati ule havikuwa sawa mbele ya rangi zote. Viliona buluu vizuri sana, na nyekundu karibu havikuiona. Mbingu ya buluu ilitoka nyeupe kama karatasi. Kitu chekundu kilitoka cheusi. Na ngozi ya kahawia, ambayo inarudisha zaidi mwanga mwekundu, ilitoka giza kuliko ilivyo. Maana yake: mwanamke aliyejipaka tukula mwili mzima, akang'aa mbele ya watu wake, kwenye foto anakuwa kivuli. Watu wetu walifanywa wawe giza kuliko walivyokuwa kweli. Nuru ya uso, tofauti kati ya kahawia ya huyu na ya yule, wekundu wa unga, vyote vikapotea ndani ya weusi mmoja. Halafu Mzungu akiangalia foto ile nyumbani kwake Brussels au Antwerp, anaona kile alichokuwa anafikiri tangu zamani: watu wa giza katika bara la giza. Kamera haikukusudia ubaya, ni kemia tu. Lakini kemia ile iliwasaidia waliokusudia.

Miaka michache baadaye, katika miaka ya 1920, alifika Léopoldville mpiga foto Casimir Zagourski, Mpolandi aliyezaliwa ndani ya dola lilelile la Urusi ambalo Prokudin-Gorskii alilipiga kwa rangi. Alifungua studio, akasafiri sana, akatoa kadi za posta ambazo wakusanyaji wa vitu vya kale wanazitafuta mpaka leo. Ni foto nzuri sana, lazima tuseme ukweli. Mfululizo wake uliitwa L'Afrique qui disparaît, yaani Afrika inayopotea. Watu walikuwa hai mbele yake, wanapumua, na jina la kadi lilikuwa tayari linawaaga. Rangi ya kijivu ilikubaliana na jina lile vizuri kabisa.

Na hapo wakati mwingine tunasahau: hata mwaka 1960 rangi ilikuwepo. Filme ya rangi Kodachrome iliuzwa tangu 1935. Lakini ilikuwa ya bei, ilihitaji mwanga mwingi, na magazeti yalichapishwa katika nyeusi na nyeupe. Njo maana Robert Lebeck, Mjerumani aliyepiga foto ya upanga, alitupatia kijivu. Njo maana Lumumba karibu kila mara tunamwona kijivu, miwani yake, suti yake, kamba mikononi mwake mwezi wa Desemba. Mtu aliyekufa akiwa na miaka 35 tu, umri wa wengi kati yetu tunaosoma hapa, anaonekana kama babu wa mababu.

Kwa hiyo nasema hivi: umbali tunaousikia mbele ya foto ya zamani hautoki kwenye wakati. Unatoka kwenye kioo, kwenye dawa iliyopakwa juu yake, na kwenye pesa za yule aliyemtuma mpiga foto. Dunia ya mwaka 1904 ilikuwa na rangi zote. Matope ya Baringa yalikuwa mekundu au kahawia kama leo, majani yalikuwa kijani, jioni jua lilishuka na rangi ya machungwa.

Nimetaja Baringa kwa sababu. Tarehe 14 Mei 1904, kwenye misheni ya Baringa, katika Équateur, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga foto mwanaume anayeitwa Nsala. Amekaa kwenye baraza, anaangalia mbele yake mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka 5, aliyeuawa na walinzi wa ABIR, kampuni ya mpira. Foto ile ilionyeshwa katika mikutano ya Uingereza na Marekani, ikirushwa ukutani kwa taa. Ilikuwa moja ya vitu vilivyomfanya Leopold wa Pili ashindwe kuficha mambo yake, mpaka akanyanganywa Kongo mwaka 1908 na nchi ikawekwa chini ya serikali ya Ubelgiji. Haikuondoa ukoloni, lakini ilivunja uongo mkubwa.

Foto ile haina rangi hata kidogo. Na hakuna mtu anayeiangalia na kusema "hiyo ni mbali".

Hapa mtu anaweza kuniuliza: basi rangi ina faida gani, kama Nsala anatufikia bila rangi? Jibu langu ni kwamba rangi inafupisha njia, lakini haikuchagulii mahali pa kufika. Nsala anatufikia juu mtu aliyesimama nyuma ya kamera alitaka ukweli ule uonekane. Wasichana wa Kirillov wanatufikia juu rangi imetuvuta. Lakini tukishafika kwao, tuone pia kile ambacho foto haisemi. Prokudin-Gorskii alitembea na ruhusa ya mfalme. Alitaka watoto wa shule wa Urusi waone uzuri na ukubwa wa dola lao. Miaka minne kabla ya foto ile, mwaka 1905, nchi ilitikiswa na mapinduzi, wafanyakazi walipigwa risasi mbele ya jumba la mfalme kule Saint Petersburg. Ndani ya foto zake za rangi hutayaona hayo. Utaona mito, makanisa, na sahani za matunda. Miaka 8 baada ya wale wasichana kusimama pale, dola lote lilianguka. Foto ni nzuri, ni ya kweli, na inanyamaza.

Basi mtu asifikiri kwamba rangi ni ushahidi zaidi kuliko kijivu. Tuulize maswali yaleyale: nani alikuwa nyuma ya kamera, nani alimlipa, nani alibaki nje ya foto?

Na siku hizi tuko na swali lingine, la haraka. Kila juma zinapita kwenye simu zetu foto za Lumumba, za Kasavubu, za wanajeshi wa Force Publique, hata za Nsala, zimepakwa rangi na programu ya kompyuta. Tunazipenda, tunazituma, tunaandika "historia yetu imefufuka". Naelewa hamu ile. Ni hamu ya kuwaona watu wetu karibu, na hamu hiyo si mbaya. Lakini tujue tofauti. Kioo cha Prokudin-Gorskii kilipokea mwanga uliotoka kwenye joho la emiri siku ile. Buluu ile ilikuwepo. Programu haikupokea kitu. Imeona mamilioni ya foto za watu wengine, na inakisia: nguo ya kijivu namna hii kawaida ni ya buluu, basi tuweke buluu. Kwenye foto ya zamani, nyekundu na kijani vinaweza kutoka kijivu kimoja, na mashine haina njia ya kujua ilikuwa ipi. Itaweka ile inayoonekana mara nyingi katika foto ilizojifunza, na mara nyingi hizo si foto za kwetu. Tukula itakuwa udongo. Kikwembe cha manjano kitakuwa cha kahawia. Ngozi zote zitapata kahawia moja.

Yaani kemia ilifuta rangi zetu mara ya kwanza, na sasa mashine inaweza kuzifuta mara ya pili, wakati sisi wenyewe tunashangilia. Mwanafunzi wa historia anayeweka foto hiyo kwenye mémoire yake bila kuandika "rangi zimeongezwa baadaye" anamdanganya msomaji, hata kama hajakusudia.

Tufanye nini basi? Kuna rangi ambazo hazimo ndani ya kioo chochote na hazimo ndani ya mashine yoyote. Zimo ndani ya vichwa vya wazee wetu. Yule aliyekuwa na miaka 15 siku ya upanga ana zaidi ya 80 sasa. Anakumbuka kikwembe ambacho mama yake alivaa tarehe 30 Juni 1960. Anakumbuka rangi ya malori ya kampuni, rangi ya kuta za shule ya misheni, rangi ya sare, rangi ya udongo kabla lami haijawekwa. Hakuna mtu aliyemuuliza, juu hakuna aliyefikiri kwamba hiyo ni historia.

Katika kila familia kuna foto mbili tatu za kijivu, ndani ya sanduku, ndani ya Biblia, au ukutani ndani ya fremu iliyovunjika. Chukua foto hiyo. Kaa karibu na babu, koko, au shangazi mkubwa. Usimuulize "hii ni mwaka gani" peke yake. Muulize: gauni hili lilikuwa rangi gani? Nyumba hii ilipakwa nini? Huyu aliyesimama pembeni ni nani, na alikuwa mweupe au mweusi wa ngozi? Utashangaa. Mzee aliyekuwa anajibu kwa neno moja, ukimuuliza rangi, ataanza kukuambia nguo ilinunuliwa wapi, kwa bei gani, nani aliishona, na nani alilia siku ile. Swali la rangi linafungua mlango ambao swali la tarehe halifungui.

Halafu andika nyuma ya foto, kwa penseli isiyoharibu karatasi: majina, mahali, rangi, na jina la aliyekuambia. Piga foto pande zote mbili kwa simu, uzihifadhi pahali pawili. Ikiwa siku moja utataka kuipaka rangi kwa programu, utakuwa na kitu cha kuisahihisha nacho, na utaandika chini yake ni nani aliyesema kikwembe kilikuwa cha manjano.

Wapiga foto wa Kahn hawakufika kwa kila babu yetu, na wale waliofika na kamera walituacha kijivu. Hilo hatuwezi kulirudisha nyuma. Lakini wazee bado wako, kwa muda mfupi. Likizo hii, kabla ya kurudi chuoni, muulize mmoja.